Kifungu cha Tisa

Mkaguzi alikuwa kimya kama maji ya mtungini tangu asubuhi, na wenzake walishamzoea. Tangu shemeji yake, mume wa dada yake, afe mwaka jana, alikula kwa sababu ni saa ya kula, akacheka kwa sababu wengine wamecheka. Ile ganzi ya jino lililochomwa sindano, yeye alikuwa nayo mwili mzima.

Kamati ilikuwa inaandika viwango vya vipuri vya mitambo ya mafuta vinavyochapwa na mashine, unga wa chuma ukiyeyushwa tabaka juu ya tabaka. Wakafika kifungu cha tisa: kipande cha majaribio, kile kinachovunjwa kupima nguvu kwa niaba ya kipuri, kichapwe kimesimama au kimelala, vilevile kama kipuri chenyewe. Watu wa viwanda hawakukitaka.

"Tunajaza karatasi tu," alisema msemaji wao, mzee wa tai nyekundu. "Chuma ni chuma. Kisimame, kilale, kwani kina usingizi?" Watu wakacheka.

Mwenyekiti, mama asiye na mchezo, aligonga meza kwa kalamu. "Kuna mwenye tukio la kweli? Kama hakuna, tunakifuta tukanywe chai."

Tukio lilikuwepo, tena na sahihi chini yake. Valvu ya bomba la mafuta iliyomuua shemeji ilichapwa imesimama. Kipande alicholetewa mkaguzi ili akijaribu kilichapwa kimelala, na kilifaulu vizuri mno. Hakuuliza. Valvu ikaachana kwenye maungio ya tabaka zake, ambayo kipande kilicholala hakikuyapima, na dada yake akaambiwa kwamba bomba lilizidiwa presha. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Huyu kifo kilimpita kikaenda kwa mwingine, naye akanyamaza mwaka mzima.

"Ninalo," alisema mkaguzi.

Alilieleza lote kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa. Mzee wa tai akainamia karatasi zake. Katibu aliandika, kisha akauliza kwa adabu ni nani aliyekipitisha kipuri kile.

"Mimi. Andika hivyohivyo."

Kifungu kilipita kwa dakika nne, bila mpinzani. Kumbukumbu za kikao zingefika kesho kwenye kampuni zote, pamoja na ile ambako dada yake alikaa mapokezi na kufungua barua. Mkaguzi alitoka hadi kwenye korido akampigia dada yake simu.

"Mdogo wangu, umekula?" aliuliza dada.

"Bado. Dada, kaa chini kwanza. Ile valvu niliipitisha mimi."