Wepesi wa Watu wa Nyuma ya Kiwanda

"Mwondoe mzee wako kwenye kamba yangu!" Fundi cherehani wa ghorofa ya chini alisimama uani, mikono kiunoni. "Gauni la watu nimelifua jana, leo limekunjwakunjwa na mtu anayeelea. Mwenyewe akija nimwambie nini?"

"Si mzee wangu," Profesa alijibu kutoka dirishani.

"Si wako? Kwani kaja kumuulizia nani, mimi? Shoga, tusitiane vidole machoni."

Mzee alikuwa ameng'ang'ania kamba kwa mikono miwili, miguu ikielekea juu, mjukuu wake kafungwa mgongoni kwa shuka. Aliomba radhi kwa adabu. Alitoka nyumbani na mawe mfukoni kama kawaida, alisema, ila mfuko ulitoboka pale kwenye duka la simu. Fundi alimvuta chini kwa kifundo cha mguu huku akiendelea kugomba, akamkalisha kwenye ngazi na kumwekea pasi ya chuma mapajani.

Profesa hakuhitaji kuuliza mzee katoka wapi. Watu wa nyuma ya kiwanda cha matofali walikuwa hivyo siku hizi. Mji ulishawazoea. Siku za upepo hawakutoka, na makondakta waliwatoza nauli ya mzigo.

Profesa alikuwa mwanahesabu wa viumbe. Utotoni alichapwa na mama yake kwa kuacha maziwa yafurike, macho yake yako kwa sisimizi ukutani. Alipokua aliandika hesabu za sisimizi hao, kisha za ndege wanavyogeuka pamoja angani bila kugongana. Lakini homa ndiyo iliyompa jina. Aliunda mlinganyo uliosema homa itapita wapi, na dawa ianzie wapi.

Kazi hiyo ina desturi yake: kilicho kidogo mno hufutwa, ili kilichobaki kitatulike. Mlinganyo ulikuwa umemgomea msimu mzima. Watu wa nyuma ya kiwanda walikuwa wachache, wanahamahama, hawakai kwenye mchoro. Mchana mmoja, kabla ya chai, akawafuta, na mlinganyo ukafunguka kama kopo. Alipata cheo, ofisi yenye zulia na safari za ndege. Mwaka huohuo waliofutwa walianza kuwa wepesi, watoto kwanza. Muuza magazeti ndiye aliyempa habari. Profesa akasema, "Pole zao," akapanda basi.

"Homa imerudi, mwanangu," mzee alisema sasa. "Huyu anaungua, na zahanati wamemnyima dawa."

Profesa alishuka akamchukua mtoto. Ilikuwa kama kubeba shati lililotoka kupigwa pasi sasa hivi.

Kule zahanati, muuguzi aliwapokea vizuri. "Dawa hii inakwenda kwa kilo," alisema. "Ikizidi inaua, ikipungua ni maji tu. Nimpe ya kilo ngapi?"

Profesa alipanda mzani peke yake, kisha akapanda na mtoto. Mshale ulisimama palepale.

"Unaona? Umejipima wewe mara mbili."

"Kadiria basi."

"Nikikadiria akafa, nimemuua mimi. Nisipompa akafa, ni homa. Nina watoto wa kusomesha, dada."

Akaenda na mtoto kwa mkurugenzi wa kinga ya magonjwa, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake. Alimweleza kwamba njiani, kichwani mwake, amewarudisha watu wa nyuma ya kiwanda kwenye hesabu, na sasa anaomba nao wawekwe kwenye mpango wa dawa.

"Ukiwarudisha, mlinganyo unatatulika?"

"Hautatuliki."

"Sasa, Mwalimu, tupeleke dawa kwa kutumia nini? Ule wa kwanza unafundishwa kila mahali. Wewe mwenyewe ulitufundisha, kidogo kinafutwa. Nilipata alama nzuri sana kwenye swali lile."

Wakiwa wanaongea, mtoto aliponyoka, akapanda taratibu mpaka kwenye dari, akaegemea taa. Mkurugenzi alizima feni na kumpa Profesa kiti chake apandie.

"Ana adabu," alisema. "Wengine hulia." Akawasindikiza mpaka mlangoni.

Nyumbani mzee alikuwa bado kwenye ngazi. Fundi alikuwa amekaa pembeni yake, na alishajua ukoo wake wote, nani kaolewa na nani, na nani hasemi na nani.

"Vipi?" fundi aliuliza.

"Wamekataa."

Mzee alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa basi limejaa. "Ndivyo walivyo."

"Si wao peke yao, baba. Aliyewafuta ni mimi."

"Tunajua, mwanangu. Ndiyo maana nikaja kwako, sikurudi kwao."

Profesa alimrudishia mzee mjukuu wake. Fundi alimgusa mtoto shingoni, akalowanisha kitambaa na kumwekea kwenye paji la uso. Homa haikushuka.

"Mmekula?" aliuliza. "Jamani, naongea na ukuta? Mmekula?"

Alinyanyuka akaingia ndani. Walimsikia akifunga madirisha, moja baada ya jingine, na akiburuta kabati kuziba lile lisilo na kioo. Kisha akatoa kichwa mlangoni, mwiko mkononi.

"Haya, upepo nimeufungia nje. Babu, karibu mezani. Na wewe, shoga, usinisimamie hapo kama mdai. Ingia umshike mtoto, babu ale kwanza."