Laini kwa Jina la Kampire

Simu ya zamani ya Kampire ilikufa ndani ya ndoo ya sabuni, na mwenyewe hakuililia. Ilikuwa kitochi cha vitufe alichopewa na kaka yake mkubwa, Vénuste, siku Kampire alipoweka cherehani yake ya kushonea wateja pale Mbugangari, Rwanda, si mbali na mpaka wa Goma. Kampire ni kiziwi. Homa ilimchukua masikio kabla hajajifunza kusema, na tangu hapo lugha yake imekuwa mikononi.

Kitochi kile kilimtesa. Mteja alipopiga, kilitetemeka mezani kama mdudu aliyeangukia mgongo, naye akakitazama mpaka kichoke. Mteja akiona hapokelewi, alimtafuta Vénuste, maana hata laini ilikuwa kwa jina la Vénuste. Naye alijibu kama mwenye duka.

"Ni mudogo wangu. Iko bubu. Niambie mimi."

Basi walimwambia yeye. Ndivyo gauni la bibi harusi lilivyoahidiwa kuwa tayari Jumamosi, wakati Kampire hata kitambaa hajakiona. Ndivyo sare za wanafunzi zilivyopunguzwa bei bila fundi kuulizwa. Mikono ilikuwa yake, mdomo ulikuwa wa mtu mwingine.

Jumapili moja, baada ya misa, Vénuste alikuja na mfuko mdogo. Ndani yake mlikuwa na kitochi kingine, kipya. Vénuste alifanya kazi ofisi ya sekta, serikali ya mtaa, mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Katika maisha yao yote alikuwa amejifunza alama chache tu za dada yake: kula, njoo, pesa, subiri. Mengine aliyasema kwa kupanua midomo kana kwamba anatafuna nyama ngumu, na Kampire akamsoma hivyo hivyo.

"Iko na tochi kali," alisema. "Betri inamaliza wiki."

Kampire alikirudisha kitochi ndani ya mfuko, akausukuma upande wa pili wa meza. Alichora mstatili mkubwa hewani, akagusa uso wake, kisha akainua mikono yake miwili.

"Ya kioo?" Vénuste alicheka. "Ya nini? We hausikii."

Kampire alichukua chaki ya kushonea, akaandika juu ya kipande cha kitambaa cheusi: MIKONO YANGU INASEMA.

Vénuste alikisoma, akatikisa kichwa. "Bon. Nunua, utaibiwa. Lakini chukua mtandao wetu. Famille yote tuko huko, kuongea ni bure."

Kampire aliisoma ile "bure" midomoni mwake mara mbili, apate hakika. Kisha akaandika chini ya maneno ya kwanza: KUONGEA NA NANI?

Mtu wa kuongea naye alikuwepo, tena mmoja aliyemtosha. Aliitwa Xavérine. Walilala kitanda cha juu na cha chini katika bweni la shule ya viziwi, wakagombana, wakapatana, wakakua. Sasa Xavérine alikuwa ameolewa Bugeshi, kule juu kwenye baridi ya chini ya volkano, na alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Wasikiaji hudhani kiziwi akijua kusoma basi shida imekwisha. Lakini Kinyarwanda cha kuandika, kwa Kampire, kilikuwa lugha ya darasani, kama Kifaransa kilivyo kwa wengine. Kwa ujumbe wa maneno aliweza kuuliza, "Mtoto mzima?" na kujibiwa, "Mzima." Hakuweza kujua kama rafiki yake analala, kama mama mkwe anamsumbua, kama anacheka bado kwa mabega kama zamani. Hayo yalihitaji uso na mikono.

Kesho yake alifunga mlango akaenda mjini, kwenye duka la simu la Hakimu.

Hakimu alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Nusu ya ukoo wake uko Goma, na kwa hiyo anauza kwa lugha yoyote inayoingia mlangoni. Kampire alipogusa sikio na kutikisa kidole, Hakimu alifanya wanachofanya wote: alipaza sauti. Kampire aliona mishipa ya shingo yake ikivimba. Akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati la Hakimu, akageuza boksi tupu la simu, akaandika: "Usipige kelele. Andika."

Hakimu aliona haya. Akaandika: "Dada, unataka simu ya kufanya nini?"

"Kuongea."

Hakimu alitabasamu kidogo, akidhani ni mzaha. Alipoona mwenzake hatabasamu, naye akaacha. Alishusha simu ambayo kila mtu aliisifu mwaka ule, akaandika kwamba ina spika mbili zenye sauti kubwa. Kampire alimtazama tu. Hakimu akajipiga paji la uso, akaishusha nyingine, yenye kamera nne mgongoni.

Kampire hakugeuza hata mgongo wa simu kuzitazama. Aliwasha kamera ya mbele, akaiegemeza kwenye kikokotoo cha Hakimu, akarudi nyuma, akajirekodi akitoa alama haraka haraka. Alipoitazama video, vidole vyake vilikuwa vimeyeyuka kama uji. Akairudisha. Ya pili ilikuwa na kioo kidogo, akairudisha. Ya tatu iliona vizuri juani, lakini alipoipeleka nyuma ya pazia, kwenye giza, uso wake ulikuwa kivuli. Wateja wawili waliingia wakahudumiwa wakatoka, Kampire bado anasimamisha simu na kuzipungia mikono. Ya tano ilikuwa simu ya kawaida, wala si ya bei kubwa, ambayo Hakimu alikuwa ameisahau kwenye rafu ya chini. Kila kidole kilionekana. Mtetemo wake uliingia mpaka kwenye kiwiko. Kampire akaongeza kava lenye mguu nyuma, la kuisimamisha mezani, kwa sababu mtu anayesema kwa mikono miwili hana mkono wa kushikia simu.

"Na laini?" Hakimu aliandika.

"Bado. Njoo kwangu tupime."

Hakimu alikuna kidevu. Hakuna mteja aliyewahi kumtoa dukani namna hiyo. Lakini alikuwa na simu ya laini mbili, za mitandao miwili, na pengine alikuwa amekwisha kuona kwamba huyu mama hatalipa mpaka aridhike. Alimwachia mkewe duka, wakapanda pikipiki mbili mpaka Mbugangari.

Karibu na mpaka, mitandao haina adabu. Wakiwa chumbani kwa Kampire, kando ya cherehani, Hakimu alianza na mtandao wa kwanza, ule wa Vénuste na nusu ya mtaa. Kampire alitafuta namba ya Xavérine. Uso wa rafiki yake ulitokea, ukang'aa, mkono ukapanda kwenye paji la uso, ukakwama hapo. Ukakaa umekwama. Mara ukaingia ujumbe kumkaribisha Hakimu Kongo: simu ilikuwa imedaka mnara wa ng'ambo ya mpaka. Kwa msikiaji, picha ikikwama sauti huendelea, na mazungumzo yanasonga. Kwa Kampire na Xavérine, picha ikikwama hakuna kinachobaki.

Hakimu alibadilisha, akaweka mtandao wa pili.

Xavérine alikuwa amekaa nje, amevaa sweta nzito, mtoto mgongoni, nyuma yake shamba la viazi. Alipomwona Kampire, alipiga kelele bila sauti, mdomo wazi kabisa.

"Umenenepa!" mikono yake ilisema.

"Wewe umekonda! Hulali?"

"Nani atalala? Huyu anadhani usiku ni sokoni. Ngoja nimgeuze nikuonyeshe. Ona pua!"

"Pua ya baba yake. Pole sana."

Xavérine alicheka kwa mabega. Kisha uso ukabadilika, mikono ikapungua kasi. Alisema kwamba hapo nyumbani hakuna mtu anayejua alama, mume wake anajifunza lakini yuko kazini, na kuna siku zinapita nzima bila yeye kusema kitu na mtu yeyote isipokuwa mtoto. "Nilianza kumwambia mambo yangu mtoto," alisema. "Mtoto mchanga, Kampire!"

"Sasa niambie mimi," Kampire alijibu.

Hakimu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amewadhania viziwi kuwa watu wa kimya. Sasa aliwaona wakikatizana, wakibishana, mmoja akiinua kidole amalize kwanza. Walizungumza mpaka bando lake likaisha. Kampire alilipia simu kwa pesa zake za sare, akasindikizwa na Hakimu mpaka barabarani kama mgeni wa heshima, ingawa nyumba ilikuwa yake.

Siku iliyofuata alienda kwa wakala wa mtandao wa pili, kibanda kidogo karibu na soko, akiwa na kitambulisho chake. Wakala alikuwa binti mpole aliyeitwa Uwineza. Alisoma karatasi ya Kampire, *Nataka laini mpya, jina langu, bando la intaneti*, akampa kwanza karatasi ya matangazo: dakika za kupiga bila kikomo. Kampire alizikata kwa kalamu. Uwineza alicheka, akaomba radhi kwa mkono kifuani. Kisha akagundua kwamba wapo wawili tu, Kampire na kitambulisho.

"Uko na nani?" aliuliza kwa midomo. Akaandika: "Lete mtu anayesikia, akusemee. Mimi naogopa kukosea. Watanifungia mashine."

"Sihitaji msemaji. Uliza, nitajibu," Kampire aliandika.

Uwineza alitazama foleni iliyokuwa inarefuka kama mtu anayetafuta msaada. Mwanaume mmoja alisema, "Huyu namujua, kaka yake iko kwa sekta," na kabla Kampire hajaelewa midomo ile, simu ya mwanaume yule ilikuwa sikioni mwake, anampigia Vénuste.

Vénuste alifika na kadi ya kazi ikining'inia shingoni. Alimsalimu Uwineza vizuri, akaweka kitambulisho chake mwenyewe juu ya meza.

"Pole, dada. Muandikie kwa jina yangu, kama ile ingine. Donc tumalize."

Mkono wa Uwineza ulikuwa unakaribia kitambulisho cha Vénuste. Kampire alikifunika kwa kiganja, akakisukuma pembeni, akaweka chake mahali pake. Vénuste aliinama, akapanua midomo polepole: "Unaniletea haya. Watu wanaona."

Basi Kampire alifanya alama kubwa, kubwa kuliko inavyohitajika, ili hao watu waone kweli. Alijigusa kifua. Alionyesha uso wake, akaufunika kwa kiganja, akaufunua. Anayetiwa haya hapa ni mimi. Hakuna aliyefasiri, wala hakuna aliyeshindwa kuelewa. Halafu alivuta kiti cha mteja, akakaa mbele ya dirisha, akachukua kalamu ya Uwineza.

Aliandika polepole, kwa herufi za mtu anayechora ruwaza juu ya kitambaa: "Andika hapa kwamba mimi, Kampire, raia, mwenye kitambulisho, siwezi kupewa laini kwa sababu ni kiziwi. Weka sahihi yako. Kisha nitaondoka."

Aligeuza karatasi, akaisogeza.

Uwineza aliisoma. Alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Vénuste alianza kusema jambo kuhusu utaratibu, lakini kwenye foleni mama mmoja mwenye beseni la nyanya kichwani alimkatiza.

"Baba, we unasikia muzuri? Mutu iko na kitambulisho. Mupe laini, sisi wote tunaungua na jua!"

Watu walicheka. Vénuste alikwenda pembeni, akajifanya anasoma simu yake.

Uwineza aliivuta karatasi ya Kampire, akaikunja bila kuandika kitu, akachukua nyingine nyeupe. Aliandika maswali yake moja baada ya jingine: tarehe ya kuzaliwa, mahali, jina la mama. Kampire alijibu kila moja. Namba ya siri ya kuthibitisha ilipoingia, Uwineza alinyoosha mkono aipokee simu. Kampire alikataa kwa kichwa, akaiandika mwenyewe. Kwenye kioo likatokea jina lake lote, bila la mtu mwingine. Uwineza alimpigia makofi ya viziwi kwa namna aliyoiona kwenye televisheni, viganja juu vikitetemeka. Alikosea kidogo, lakini Kampire alipokea.

Vénuste aliondoka bila kuaga. Majuma yaliyofuata hakufika Mbugangari hata kunywa chai, na aliwaambia ndugu kwamba dada yake kiburi kimempanda kichwani. Kampire aliwaandikia wateja wote namba mpya na maagizo: ujumbe au picha ya mshono, au piga kwa kamera. Wawili walikasirika wakaenda kwa fundi mwingine. Wengine walizoea. Mmoja alianza kupiga akiwa amejifunga kitambaa chenyewe, akizunguka mbele ya kamera huku akionyesha kwa vidole pale anapotaka pabane.

Asubuhi moja simu ilitetemeka kwenye mguu wa kava lake karibu na cherehani. Ilikuwa Vénuste, kwa sauti. Kampire aliikata. Ikatetemeka tena; akaikata tena. Alijua kule ofisini kaka yake anasonya. Baadaye ikaja ya picha.

Paji la uso la Vénuste lilijaa kioo. Alianza kusema kwa midomo. Kampire akatikisa kichwa, akainua mikono yake: hivi. Vénuste aliangalia kulia na kushoto, kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Aliegemeza simu kwenye kitu, ikaanguka, Kampire akaona dari ya ofisi na nyuso mbili za wenzake zikichungulia. Alipoisimamisha vizuri, alionyesha suruali yake pale ilipofumuka, akafikiri, akatoa alama aliyoijua.

Kula.

Kampire alicheka mpaka akashika meza. Anataka suruali yake iliwe! Kisha alijifuta macho, akasogea kwenye mwanga, akamwonyesha alama ya kushona, polepole, mara moja. Vénuste aliirudia vibaya. Akamwonyesha tena. Aliirudia, shingo imekakamaa, wenzake wakitazama, na safari hii ilikuwa kushona.

"Jumamosi," Kampire alisema kwa mikono, akisubiri amfuate kila hatua. "Kama wateja wengine. Uilete mwenyewe."

Vénuste alikunja uso; hakushika ile ya mwisho. Kampire hakuiandika. Aliinua mikono, akamwambia tena.