Chupa Iliyogeuka Nyeusi

Chupa ya maji ya jikoni iligeuka nyeusi kabla ya nyingine zote.

Doreen na Lightness, wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni pembeni mwa mji wa Tukuyu, walikuwa wamezipanga chupa zao kwenye dirisha la maabara. Ndani ya kila chupa kulikuwa na karatasi iliyotiwa dawa. Maji yakiwa na kinyesi, chupa huwa nyeusi. Yakiwa salama, hubaki kama yalivyo. Moja ilikuwa na maji ya kijito kinachopita chini ya soko. Nyingine ilikuwa na maji ya chemchemi ya Isyeto, kule Lupepo, kijijini kwa akina Doreen. Ya tatu ilikuwa ya simtanki la jikoni, nayo waliiweka ili bango lao la maonyesho ya sayansi lipate mfano wa maji masafi.

"Labda tumechanganya," alisema Lightness.

Wakachota upya, wakasubiri upya. Ya kijito ikawa nyeusi. Ya Isyeto ikabaki angavu. Ya jikoni ikawa nyeusi tii, na walipoifungua ilitoa harufu ya mayai viza hadi Lightness akaziba pua kwa mkono wa sweta.

Jumamosi, wapishi walipokwenda sokoni, Doreen alipanda juu ya mnara wa simtanki akiwa na simu ya maabara. Mfuniko ulikuwa umepasuka zamani, ukazibwa kwa gunia. Alipoliondoa, aliona manyoya yakielea kwa mafungu, na katikati yake popo, wengine wamevimba, wengine wamebaki ngozi na mifupa ya mabawa. Kuta za ndani zilikuwa na utelezi wa kijani uliokoza. Kinyesi chao kilikuwa kimefanya utando juu ya maji, na utando huo ulitikisika taratibu kila mtu alipofungua koki kule chini.

Alipiga picha. Kisha akashuka, akaenda nyuma ya migomba, akatapika uji wa asubuhi. Na kuuona ule uji chini kukamfanya atapike tena, maana alijua ulipikwa kwa maji gani.

Mwalimu Pudensiana, aliyefundisha baiolojia na kusimamia mabango yote ya maonyesho, alipoiona picha alijiziba mdomo. "Mungu wangu. Nipe simu." Akaenda nayo ofisini kwa mkuu wa shule karibu anakimbia. Doreen alimwangalia akivuka uwanja na moyo wake ukatulia. Sasa mambo yatanyooka.

Mwalimu alirudi akitembea polepole.

"Mkuu amesema tanki litaoshwa wageni wa maonyesho wakishaondoka."

"Wakishaondoka? Madam, na mpaka hapo tunakunywa nini?"

"Si yanachemshwa?"

"Ya kunywa hayachemshwi, Madam. Unajua."

Mwalimu Pudensiana alikaa kwenye stuli, akazungusha pete kidoleni. "Doreen, sikiliza. Kazi yenu ni nzuri kuliko zote. Mnaweza kushinda mkoa mzima. Lakini bango haliwezi kusema shule inanywesha watoto popo, wageni wakiwa wamesimama hapo hapo. Shule ikifungwa, utasoma wapi? Tutabadilisha lebo tu. Chupa nyeusi iwe ya Isyeto, safi iwe yetu."

"Isyeto ni kwetu."

"Ndiyo maana hakuna atakayekasirika. Utawaelewesha."

Doreen alimtazama Lightness. Lightness alikuwa akiangalia kucha zake. "Ni majina tu, Doreen," alisema. "Picha ni ile ile."

Bango lilichapishwa stesheneri mjini, kwenye turubai jeupe linalong'aa. Chini ya picha ya popo kuliandikwa kwa herufi nene: CHEMCHEMI YA ISYETO, LUPEPO. Na chini kabisa, jina la Doreen. Alipolishika, kidole chake kikagusa mahali palipochapishwa ule utando wa kijani, akauvuta mkono na kukipangusa kidole kwenye sketi, ingawa lilikuwa turubai kavu tu.

Siku ya maonyesho mvua ilinyesha tangu alfajiri, hivyo mabango yalipangwa bwaloni. Majaji walisimama mbele ya bango lao muda mrefu. Lightness ndiye aliyesema. Doreen alisimama pembeni. Afisa mmoja kutoka mkoani alitikisa kichwa kwa huruma. "Watu wanaishi hivi mpaka leo? Chemchemi hii ifungwe mara moja."

Mkuu wa shule, Bwana Godwin, alitabasamu. "Ndiyo faida ya elimu, mheshimiwa. Na tumewaalika wenyewe waje wajifunze."

Wenyewe walikuwa Mama Tulinagwe, mwenyekiti wa kamati ya chemchemi ya Isyeto, na wanawake wawili wa kamati yake. Walikuja na kanga zao za kanisani, zimelowa pindoni. Mama Tulinagwe alipomwona Doreen uso wake ulichanua. "Mwana wetu! Tumesikia umeandika habari za maji yetu. Tulivyofurahi!"

"Shikamoo, mama," alisema Doreen.

Mama Tulinagwe alivaa miwani akasoma. Alisoma mara mbili. Tabasamu likamtoka usoni kidogo kidogo.

"Hawa wanyama ni wa wapi?"

Wapishi walikuwa wakipita na sinia la juisi ya pasheni. Mkuu alichukua glasi haraka, akamwekea mkononi. "Karibu kwanza, mama. Umetoka mbali. Kunywa."

Mama Tulinagwe, kwa heshima ya mwenyeji, aliinua glasi.

Doreen aliona kitu chembamba, kama unywele, kimeng'ang'ania ukingoni mwa glasi. Labda kilikuwa uzi wa pasheni. Hakungoja kujua.

"Usinywe, mama! Ni maji ya tanki! Hao popo ni wa hapa, wako kwenye tanki la jikoni! Isyeto ni safi!"

Mmoja wa majaji, aliyekwisha kumaliza glasi yake, akaiweka mezani kwa ncha za vidole na kutoka nje kwenye mvua. Walimsikia akikohoa na kutema. Wengine wakamfuata.

"Huyu binti ana homa tangu jana," alisema Bwana Godwin. "Mwalimu, mtoe."

Mwalimu Pudensiana hakusogea.

"Twende tukaangalie hilo tanki," alisema afisa wa mkoa. Walikwenda, na aliyepanda hakukaa juu kwa muda mrefu.

Bango liliondolewa kwenye mashindano kwa kuwa lilikuwa na taarifa za uongo. Hilo lilikuwa kweli, na Doreen hakulipinga. Mkuu alihamishwa shule nyingine kabla ya muhula kwisha, wakamfanyia hafla ya kumuaga na keki. Walioingia tankini kukwangua ule utelezi kwa majembe walikuwa wanafunzi, Doreen wa kwanza, kwa kosa la kuaibisha shule mbele ya wageni. Lightness aliacha kukaa naye meza moja.

Ila siku ile ile ya maonyesho, kabla ya kuondoka, Mama Tulinagwe aliomba kisu jikoni. Alilikata jina la Isyeto kutoka kwenye turubai, akalikunja na kulitia ndani ya kikapu chake.

"Na wewe ulijua," alimwambia Doreen.

"Nilijua, mama."

"Ulijua wakati wanaandika."

"Ndiyo."

Mama Tulinagwe alimtazama kama mtu anavyotazama chakula alichokikuta kina funza. Kisha akafungua mwavuli, akawaita wenzake kwa Kinyakyusa, wakateremka kuelekea barabarani bila kuaga.