Pazia la Mbele

Mtaa wetu ni wa nyumba za bei nafuu zilizobanana kando ya mashamba ya ngano. Hapa pazia la mbele, la sebuleni, lazima liwe wazi kabla ya saa tatu asubuhi. Lisipofunguliwa, majirani wanajua umekufa. Basi la abiria linapita mara mbili tu kwa siku na daktari yuko mbali, kwa hiyo tunachungana, tupende tusipende.

Jumatatu ile nilikuwa kitandani nikasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Hatua zikapita jikoni, zikaanza kupanda ngazi. Nikanyakua taa ya mezani, nikajibanza ukutani.

Mlango wa chumba ukasukumwa taratibu. Nikainua taa.

"Usinipige, mwehu we!"

Alikuwa Enid, jirani yangu, na ufunguo wangu wa akiba mkononi.

"Enid! Nusura uniue kwa hofu!"

"Mimi? Saa tatu na nusu hii, pazia lako limefungwa! Nimepanda ngazi nikijua nakuja kukuta maiti. Ulikuwa umelala?"

"Niko macho tangu saa kumi na moja."

"Sasa mbona hukulifungua?"

Nikaishusha taa. Tangu mazishi, binti yangu ndiye aliyekuwa akilifungua, na siku iliyotangulia alikuwa amerudi kwake. Kabla ya hapo, kwa miaka thelathini na minane, ilikuwa kazi ya mume wangu, Wilf.

Asubuhi yote nilikuwa nimejilaza pale, nikimsubiri Wilf ashuke alifungue.