Mama Mkwe Agoma Kukamuliwa

Siku ya kuondoka shambani iliamka na visirani vyake. Ndama alikuwa ametafuna ukanda wa kiatu cha muuguzi, na kuku alikuwa ametaga ndani ya sanduku lililoachwa wazi, juu ya sare nyeupe ya kazini, kisha akalikanyaga yai lake mwenyewe. Muuguzi akasonya. Likizo ya wiki mbili kwa mdogo wake, aliyoiombea ruhusa mwaka mzima, ilikuwa inaishia kwenye kufua sare kwa maji ya ndoo.

"Dada, haraka haraka haina baraka," mdogo wake alimwambia, ameegemea mlango na kikombe cha chai mkononi.

"Na hiyo polepole yako imekuletea baraka gani? Leo zamu yangu inaanza saa nane!"

Hasa hasa hakuwa akiwazia zamu. Alimwazia baba yao, aliyekuja naye likizo hii. Tangu mama afariki, mzee, fundi cherehani mstaafu, alikuwa akiishi kwa bintiye mjini, orofa ya tatu, na binti alijiapiza kwamba maadamu yuko hai, baba hatalelewa na mtu mwingine. Kumwachia huyu mdogo wake anayesahau hata kufunga zizi? Hata kwa dawa!

Afadhali mzee mwenyewe hakusumbua. Alishaketi kwenye teksi, koti limefungwa vifungo vyote, kofia magotini, mtiifu kupita kawaida yake. Dereva akawasha gari. Ndipo mdogo mtu akatoka zizini mbio na ndoo tupu.

"Mama Mkwe kagoma!"

Mama Mkwe ndiye ng'ombe wao pekee wa maziwa, na jina hilo alilipata kwa tabia zake.

"Kagoma vipi? Wewe si ndiye mwenye ng'ombe?"

Mdogo wake akajikuna kisogo. "Baba ndiye aliyekuwa anamkamua. Asubuhi na jioni. Alisema nipumzike."

"Wiki mbili nzima?"

"Si alitaka mwenyewe! Akanikataza hata kusogea, eti namchanganya ng'ombe."

Muuguzi alitamani kumzaba kofi, na ndevu zake zote zile. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Huyu alimkabidhi mgeni zizi zima siku ya kwanza, akarudi kulala.

Akakunja mikono ya blauzi, akaingia zizini mwenyewe. Mtu anayetuliza wodi nzima atashindwaje na ng'ombe mmoja? Alikikanda kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akabembeleza, akavuta chuchu. Yakatoka matone mawili. Akahamia upande wa pili. Mama Mkwe akainua mguu bila hasira yoyote, akaipiga ndoo teke, kisha akampangusa muuguzi uso kwa mkia uliojaa kinyesi. Huko nje dereva alikuwa anapiga honi.

"Akibaki hivi mpaka jioni, kiwele kitavimba," mdogo wake alisema. "Ataugua."

Muuguzi alijua. Alishawaona kina mama wodini wakilia kwa maziwa yaliyowagandia kifuani.

"Mwite baba," akasema, akijifuta uso.

Mzee hakuuliza anaitiwa nini. Alifika koti ameshalivua. Akaketi kwenye kigoda, akaegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, na vidole vilivyoshika sindano miaka arobaini vikaanza kazi. Maziwa yakamiminika ndooni kwa kelele.

Lile koti lililovuliwa mapema ndilo lililomfumbua macho muuguzi.

"Baba, umemzoesha makusudi."

"Wiki mbili zinatosha kuzoeana," mzee alisema, haachi kukamua.

"Kwa nini hukuniambia tu kwamba unataka kubaki?"

"Nilikuambia juzi. Ukaniambia nimeze dawa, nikapumzike."

"Kwangu umekosa nini, Baba? Kitanda kizuri, televisheni, chakula kwenye jokofu..."

"Hukuninyima kitu. Ila unanifungia mlango mpaka urudi."

"Si kwa sababu ulipotea!"

"Sikupotea. Nilikuwa natafuta mtu wa kuongea naye."

Muuguzi alitoka zizini na hasira zake, na hakujua amkasirikie nani. Akafungua buti ya teksi, akashusha begi la baba yake, akatoa mfuko wa dawa na kumsukumia mdogo wake kifuani.

"Nyeupe asubuhi, ya njano baada ya kula. Ukisahau hata siku moja, nitakuja nikufungie humo zizini na Mama Mkwe wako!"

"Nimesikia, dada."

Aliporudi kuaga, mzee hakuweza kusimama. Ndoo ilikuwa nusu, na ng'ombe kama yule ukimwacha katikati hakusamehe. Ikabidi binti ainame, amkumbatie kwa nyuma.

"Nitakukumbuka sana, Baba," alisema.

"Mimi nilikuwa nakukumbuka hata nikiwa kwako, mwanangu," mzee akajibu. "Unatoka sijaamka, unarudi nimeshalala."