Tope Mikononi mwa Hamidu

Hamidu alikuwa amechuchumaa nyuma ya kibanda chake cha kutengenezea baiskeli, ndoo mbele yake. Alichota udongo, akajisugua nao mpaka kwenye viwiko, akasuuza. Kisha akanawa kwa maji matupu, akarudia, akarudia tena. Nilihesabu mpaka saba. Nilikuwa nimempelekea samaki na ugali kutoka kwa shangazi, nikabaki nimesimama na bakuli langu.

Hapa Visiga kila aliyekaa madrasa anajua kunawa huko ni kwa nini. Ni kwa mtu aliyepata mate ya mbwa.

Na asubuhi hiyohiyo mbwa wa Tereza alikuwa ameunguzwa.

Tereza ni jirani yetu, anafuga kuku, na mbwa wake anaitwa Askari. Nilisikia kilio cha mbwa nikiwa bombani. Nilipofika nyumbani watu walikuwa wamejaa kwenye ua wa Tereza, na shangazi Biasha alikuwa jikoni peke yake, karai limefunikwa juu chini. Akanituma dukani mafuta mapya. Ya jana yamechacha, alisema. Nilipopita uani nilimwona Askari amejikunja chini ya banda, ngozi ya mgongo imebambuka kama ganda la kiazi.

"Unanawa nini hivyo?" nilimuuliza Hamidu.

Akashtuka. "Grisi."

Grisi haitoki kwa udongo. Siku zote anaitoa kwa sabuni ya unga na mafuta ya taa, mimi mwenyewe nimemwona. Nikamwekea bakuli juu ya benchi nikaondoka.

Wiki moja kabla, Askari alikuwa amemchania suruali pale njiani. "Huyu mbwa atanitafutia ubaya," Hamidu alisema, na tulicheka. Sasa kicheko kile kilinirudia vibaya. Kesho yake nilimuuliza kama amesikia habari za mbwa wa dada Tereza. "Nimesikia," akasema, akaendelea kuzungusha gurudumu. Hakuuliza ameunguzwa wapi, wala na nini. Mtu asiyejua huuliza.

Wazee wake walikuwa waje Jumamosi ya wiki iliyofuata kutoka Msimbu, kule Kisarawe, kumaliza habari ya mahari na kupanga siku ya ndoa yetu. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano, ndipo nikaacha shule nikahamia kwa shangazi. Yeye ndiye angewapokea. Nililala nikimwaza Hamidu. Anayeweza kummwagia kitu cha moto mnyama aliyelala, mimi siku nikiunguza ubwabwa atanifanyaje?

Jumapili asubuhi mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano kwenye uwanja wa ofisi. Alitaka tupitishe sheria ndogo ya mtaa. Zamani aliyemtesa mnyama alikuwa anaonywa tu. Sasa atozwe faini, apelekwe polisi, na jina lake libandikwe mlangoni pa ofisi mwezi mzima.

Mzee Shomari akasimama na bakora yake. "Mwenyekiti, na mbwa akila kuku wangu, jina lake nalo mtalibandika?"

Watu wakacheka. "Mzee, mbwa hajui kusoma," mmoja akasema.

"Hata mimi sijui, na faini mtanitoza."

Shangazi Biasha akanyoosha mkono. "Mimi naona faini ni kidogo. Afungwe. Mtu wa namna hiyo leo mbwa, kesho mtoto wa jirani."

Maneno yale yalikuwa yangu, niliyokuwa nayo usiku kucha. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu, hata salamu naitoa chini chini. Lakini nilijikuta nimesimama.

"Jumatano nilimwona Hamidu ananawa udongo," nikasema. "Mara saba."

Hakuna aliyecheka. Hamidu alikuwa amekaa nyuma na vijana wenzake. Mwenyekiti akamuuliza kama ni kweli.

"Kweli," akasema. "Nilimshika yule mbwa."

Mwenyekiti akafungua kalamu. Ndipo Tereza akainuka, kanga yake ikadondoka hata asiiokote.

"Andika vizuri basi," akasema. "Alimshika nusu saa nzima ili mimi nimpake dawa. Kinywa cha mbwa alikifunga kwa kanga yangu, mate yote yakaishia mikononi mwake. Aliniomba nisimwambie mtu, maana baba yake mdogo ni maalimu wa madrasa kule Msimbu."

"Kwani aliyemwagia alimshika wa nini?" Mzee Shomari akauliza. "Kitu cha moto unarusha ukiwa mbali, unakimbia. Huyo hana haja ya kunawa."

Nilitamani ardhi inifunike. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa wazi hivyo, na mimi nilikuwa nimelishika kinyume.

Bwana mifugo, aliyekuja kumtazama Askari, akaongeza neno moja. "Na si maji. Kidonda kile ni cha mafuta ya kupikia. Bado yamegandia kwenye manyoya, yananuka samaki."

Shangazi alikuwa amekaa mkekani pembeni yangu. Akaweka mkono juu ya goti langu.

"Twende, Salama. Jua kali."

Mwenyekiti alipouliza wanaokubali sheria, mikono ilikuwa mingi. Wa shangazi haukuwemo.

Hamidu alinisubiri barabarani.

"Ungeniuliza," akasema.

"Nilikuuliza. Ukasema grisi."

Akatazama chini. "Umenitaja mbele ya mtaa mzima kwa kuniona nanawa. Aliyemwaga ukimjua, naye utamtaja?"

"Wazee watakuja?"

"Wewe nijibu kwanza." Akapanda baiskeli yake akaenda.

Nyumbani shangazi alikuwa tayari ameshawasha mkaa, karai limejaa mafuta yale mapya niliyonunua mimi. Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama anavyotia samaki mmoja mmoja. Hakuniangalia.

"Alikuwa ameingiza pua kwenye beseni," akasema mwishowe. "Samaki wote wa kuuza siku ile. Sikukusudia yammwagikie mengi vile."

"Ulisema afungwe."

"Ningesema nini? Wote walikuwa wananitazama."

Hakuna aliyekuwa anamtazama. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega na hata mimi sikumtazama.

"Ukinitaja," akasema, "jina langu likibandikwa pale mlangoni, wazee wa Msimbu watapokelewa na nani?"

Nilikuwa nimeshaliwaza hilo njia nzima. Kama ningenyamaza, Hamidu angebaki yule aliyetajwa, maana watu wanakumbuka aliyetajwa kuliko aliyetetewa.

"Sitakutaja mkutanoni," nikasema. "Nitakwenda kwa dada Tereza sasa hivi. Nimwambie mimi, au umwambie wewe."

Akageuza samaki. Akageuza mwingine ambaye alikuwa hajaiva upande wa kwanza. Nikainuka, nikachukua kanga yangu kwenye kamba.

"Subiri," shangazi akasema. Akaepua karai, akaliweka chini taratibu mbali na mlango, akalifunika. Akajifunga kanga ya pili. Alifika mpaka kwenye kizingiti akasimama.

"Yule mbwa wamemfunga?" akaniuliza.