Habari za Mikono

Mikono yangu haijafa. Nilimwambia hivyo shemeji yangu Amon tukiwa njiani kutoka Sikonge, nikamwambia tena tulipoketi kwenye benchi la hospitali mjini Tabora, na ningemwambia mara ya tatu kama asingejifanya amesinzia.

Amon ni mdogo wa marehemu mume wangu. Tangu msiba amelikodolea macho shamba langu la tumbaku, na vidole vyangu vilipoanza kuvimba akaona mambo yamemnyookea. Nikiamka asubuhi vinakuwa vigumu, havikunjiki wala havikunjuki. Hata kikombe cha chai nakishika kwa viganja viwili. Msimu uliopita majani mengine yaliniharibikia chini kwa kushindwa kuyafunga kwenye fito za kuingizia bani, kule tunakoyakausha kwa moto. Familia ikaitisha kikao. Nikawaambia, na wazee wakaafiki: tumsikilize daktari bingwa. Akisema ni uzee na hakuna la kufanya, Amon achukue shamba. Akisema ni ugonjwa wenye dawa, shamba ni langu na aniache nipumue. Amon akasema atanisindikiza. Kunisindikiza! Alitaka kusikia kwa masikio yake nisije nikachakachua maneno.

Bingwa mwenyewe haishi hapa, huja kwa zamu. Nilimsubiri tangu tunasia mbegu mpaka majani yakaanza kuchumwa, na siku yenyewe ilipofika ikabidi nisubiri tena. Asubuhi, vidole vikiwa vimevimba haswa, foleni haikusogea. Kufika mchana nikaona vinalainika. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilikasirika karibu nilie, maana sasa daktari ataona nini?

"Naona leo unakunja vizuri, shemeji," Amon akasema.

"Na ngumi nitakunja," nikamjibu. Mama mmoja wa Ipuli aliyekaa karibu yetu alicheka mpaka mtandio ukadondoka.

Hatimaye nikaitwa, Amon akaingia nyuma yangu. Bingwa huyo, Dokta Adinani, alikuwa kijana, macho mekundu kwa uchovu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za Sikonge?"

"Nzuri."

"Na hiyo mikono, inaendeleaje?"

"Inaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu."

Naapa mdomo ulijibu wenyewe. Ndivyo nilivyolelewa: mtu akikujulia hali unasema nzuri kwanza, shida inafuata baadaye, taratibu. Ila daktari hakuwa na muda wa hiyo baadaye. Aliniambia nikunje, nikakunja, nikunjue, nikakunjua. Amon akadakia, "Umemsikia mwenyewe, daktari. Ni umri tu."

"Inawezekana," daktari akasema, kalamu ikiwa tayari. Halafu akatabasamu. "Na nyie Wanyamwezi mmebeba mizigo mno, toka enzi za misafara. Lazima viungo vichoke. Mimi Mzaramo wa Kisarawe, babu zangu waliwaona mkiingia pwani mmejitwika pembe, ulimi nje."

Mzaramo! Hao ni watani wetu Wanyamwezi tangu hiyo misafara. Daktari bingwa humkatizi. Lakini mtani unamkatiza, unamsema utakavyo, na akinuna ameshindwa yeye.

"Wee Mzaramo," nikasema, "ngoma zimekuziba masikio? Nimekudanganya na wewe umekubali! Hata ungenikuta kaburini ukaniuliza habari, ningekujibu nzuri. Weka hiyo kalamu chini. Nishike hapa."

Amon akahamaki. "Shemeji, huyo ni daktari!"

"Ni mtani wangu. Wewe nyamaza."

Daktari alicheka sana, lakini kalamu akaiweka. Akabonyeza vifundo vya vidole vya kulia, nikaguna. Akabonyeza vya kushoto, nikapiga yowe. Hapo akaacha kucheka.

"Asubuhi vinakuwaje?"

"Haviwezi kufungua mlango. Mpaka uji umepoa na watoto wamekwenda shule ndipo vinaanza kunisikia. Sasa hivi vimelainika kwa sababu umenichelewesha, Mzaramo."

Akauliza habari za magoti, za homa, za usingizi. Nilimjibu yote, na nzuri haikunitoka tena.

"Mama, huu sio uzee," akasema mwishowe. "Nadhani ni baridi yabisi, ile ya mwili kujishambulia wenyewe kwenye viungo. Tutapima damu tuhakikishe. Sikudanganyi, haiishi kabisa. Ila dawa zipo, na tukianza mapema mikono hii itafanya kazi."

"Hata ya tumbaku?"

"Hata ya kumchapa mtu makofi. Ila kwa sasa upate msaidizi wa kufunga."

Nililia, na sikuona haya. Ilikuwa furaha, na ilikuwa hasira ya miezi yote niliyoambiwa nimekwisha.

Daktari akamgeukia Amon. "Na wewe bwana ni Mnyamwezi?"

"Ndiyo," Amon akajibu kwa shingo upande.

"Mbona umekaa mikono mitupu na mama ana mkoba? Beba mzigo, Mnyamwezi."

Hakuna Mnyamwezi anayemnunia Mzaramo. Amon aliuchukua mkoba wangu akautia begani. Tukatoka kwenda maabara, mimi mbele yeye nyuma, na bila kugeuka nikamwambia kwamba majani yanangoja kuingia bani, na msaidizi wa kufunga nimeshampata.